Kutoa Picha Mnato Ndani ya Video ya Nyumbani

Somo la kompyuta la toleo hili linajibu swali ambalo wanachama kadhaa wameuliza tangu mwaka wa masomo uanze: nina video ya nyumbani, nataka picha moja tu kutoka ndani yake, picha ya kawaida ya kusafisha na kutundika ukutani. Nifanyeje?

Mara nyingi anayeuliza hivyo ana msiba. Wazee wetu wengi hawakupenda kupigwa picha, au walipigwa ile moja ya kitambulisho, basi. Lakini harusi za miaka ya 1990 zilikuwa na mtu wa video. Alizunguka ukumbini na kamera begani na taa yake kali, akampitia kila aliyeketi, akiwemo bibi aliyejibanza nyuma huku ameziba mdomo kwa upindo wa kanga. Leo bibi hayupo, na zile sekunde sita alizopita mbele ya kamera ndizo zilizobaki za sura yake. Nasi tulio huku Uingereza ndio tunaopigiwa simu: "Wewe si uko chuo kikuu, kompyuta unazijua? Tutolee picha ya bibi." Hata kama unasoma uuguzi.

Habari njema ni kwamba picha hiyo ipo, tena siyo moja. Video ni picha mnato nyingi zinazopita upesi hata jicho likazisadiki kuwa mwendo. Kila moja ya picha hizo inaitwa fremu. Kwa mfumo wa PAL, uliotumika Tanzania, Kenya, Oman na hapa Uingereza, zinapita fremu 25 kwa sekunde moja. Kwa NTSC ya Marekani ni karibu 30. Kwa hiyo sekunde sita za bibi ni picha 150. Kazi yetu ni kuzifikia bila kuziharibu, kuchagua iliyo nzuri, na kuhakikisha kwamba anayeonekana mwishoni bado ni bibi yule yule. Hilo la mwisho litakushangaza, lakini siku hizi ndilo gumu kuliko yote. Tutalifikia.

Tafuta video yenyewe, si nakala ya nakala

Kabla hujagusa programu yoyote, uliza video hiyo imetoka wapi. Kama umetumiwa kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida, ujue imekwisha kubanwa ili ipite haraka, na kilichobanwa hakirudi. Mwambie aliyenayo aitume upya kama dokumenti, siyo kama video, ndipo ifike kama ilivyo. Au aitie kwenye flashi ampe mtu anayesafiri. Sisi watu wa mizigo ya ndugu tunajua kusafirisha vitu.

Kama ipo kwenye CD, angalia ni ya aina gani. Zile VCD zilizojaa mitaani kwetu mwanzoni mwa miaka ya 2000 zina picha ya pikseli 352 kwa 288 tu. DVD ni 720 kwa 576, yaani pikseli mara nne. Pikseli ni vile vidoto vya rangi vinavyoijenga picha. Mara nyingi harusi moja ilirekodiwa kwenye kanda, ikahaririwa, ndipo ikatiwa kwenye VCD za kugawa. Basi usitosheke na VCD, uliza kanda iko kabatini kwa nani.

Kanda za VHS nazo zina mambo yake. Kiwanda cha mwisho kinachojulikana kutengeneza deki zake, Funai cha Japani, kilisimamisha kazi hiyo mwezi wa Julai 2016, kwa hiyo utatumia deki ya mitumba au utampelekea mwenye nayo. Kanda kutoka nyumbani itacheza kwenye deki ya Uingereza kwa sababu mfumo ni mmoja. Binamu aliye Marekani asijaribu, maana deki ya kawaida ya kule haiisomi. Na kabla hujaichomeka, ichunguze kwenye kile kidirisha. Ukiona unga mweupe kwenye kingo za utepe, huo ni ukungu. Kanda za Pwani zinaupata kwa unyevu. Usiicheze, kwani utachafua vichwa vya deki, utaeneza ukungu kwenye kanda nyingine, na utepe wenyewe unaweza kukatika. Hiyo ni ya kumpelekea fundi wa kanda. Ikiwa ni safi, vunja kwanza kile kipande kidogo cha plastiki kilicho mgongoni mwake, ili mtu asije akabonyeza kitufe cha kurekodi kwa bahati mbaya akafuta harusi ya watu.

Kuingiza VHS kwenye kompyuta kunataka kifaa kidogo cha USB chenye matundu matatu: la njano kwa picha, jeupe na jekundu kwa sauti. Rekodi kwa ukubwa kamili, 720 kwa 576, fremu 25. Kama una kanda ndogo za MiniDV, zilizoanza kutoka mwaka 1995, hizo tayari ni za kidijitali. Zinatakiwa zinakiliwe kwa waya wa FireWire bila kubadilishwa chochote, na saa moja inachukua kama gigabaiti 13. Nafasi nyingi, ndiyo, lakini diski siku hizi si ghali.

Sasa tuitoe

Wakubwa wetu wa chama wanaikumbuka Windows Movie Maker, iliyokuwa na kitufe cha kutoa picha. Microsoft iliacha kuitoa Januari 2017. Mimi napendekeza VLC, ambayo ni bure na inasoma karibu kila kitu, hata faili za kizamani ambazo programu nyingine zinazikataa.

Fungua video kwenye VLC, iache ifike karibu na mahali pako, halafu isimamishe. Sasa bonyeza herufi E. Kila ukiibonyeza, video inasogea fremu moja tu mbele. Ukipitiliza, shika Shift na mshale wa kushoto, utarudi sekunde tatu nyuma. Ukiipenda fremu, shika Shift na S pamoja, na kwenye Mac shika Command, Option na S. Picha itahifadhiwa kwenye folda ya picha za kompyuta yako kama faili la PNG. Usibadilishe aina hiyo kwa sasa. PNG haipotezi kitu, lakini JPEG inabana kila unapoihifadhi upya.

Kwa video iliyotoka kwenye kanda au DVD huenda ukaona jambo la ajabu: mtu akitikisa mkono, ukingo wake unakuwa na mistari kama meno ya kitana. Siyo ugonjwa wa faili. Televisheni za zamani hazikuonyesha fremu nzima kwa mara moja. Zilichora kwanza mistari isiyo na jozi, kisha baada ya sehemu moja ya hamsini ya sekunde zikachora ile yenye jozi. Mkono uliosogea katikati ya hizo mbili unaonekana mahali pawili. Bonyeza herufi D, VLC itaondoa kitana hicho, ndipo utoe picha.

Kwa wasioogopa kuandika amri, kuna FFmpeg, nayo ni bure. Inakutolea fremu zote kwa mkupuo ukae nazo uzichague kwa raha. Tuseme bibi anatokea dakika ya 12 na sekunde 38, na video ni ya kanda ya PAL:

ffmpeg -ss 00:12:38 -i harusi.mpg -t 6 -vf yadif,scale=768:576 bibi%03d.png

Namba ya kwanza ni mahali pa kuanzia, harusi.mpg ni jina la faili lako, 6 ni idadi ya sekunde, na yadif ndiyo inayoondoa kitana. Utapata bibi001 hadi bibi150. Ile 768 nayo ina sababu. Pikseli za PAL hazikuwa za mraba. Faili lina 720 kwa upana, lakini kwenye televisheni picha hiyo ilivutwa kidogo. Usipoivuta, watu wote wanakonda. Kwa kanda ya NTSC ni kinyume, watu wananenepa, nawe utaandika 640:480. VLC hurekebisha yenyewe, programu nyingi hazirekebishi. Kipimo cha haraka ni kutafuta kitu unachojua ni duara, kama sahani au saa ya ukutani. Ikiwa yai, kuna tatizo. Video ya simu haihitaji lolote kati ya haya, kwa hiyo futa maneno yote kuanzia -vf mpaka 576.

Wenye simu peke yake: wengi wanasimamisha video na kupiga picha ya skrini. Inafaa kwa kumtumia rafiki, haifai kwa kusafisha. Unachopata ni ukubwa wa skrini, siyo wa video, na ukiwa umeishika simu wima, video ya kulala imejibana kwenye ukanda mwembamba katikati. Google Photos, ukiingia sehemu ya kuhariri, ina kitufe cha kutoa fremu yenyewe. Tumia hicho. Na tafadhali, kuipiga picha televisheni kwa simu kuwe njia ya mwisho kabisa, pale ambapo deki ni ya jirani naye anataka kulala.

Kuchagua

Hapa ndipo watu wanapofanya haraka pasipo sababu. Katika picha 150, labda 10 zinafaa, na mbili ni nzuri. Kamera inaacha nuru iingie kwa muda, mara nyingi sehemu moja ya hamsini ya sekunde, na kichwa kikigeuka katika muda huo uso unafifia. Kwa hiyo usitafute tendo, tafuta kituo. Binadamu hutulia kidogo sana kabla ya kusema, mwisho wa kucheka, na pale anapotambua kwamba kamera imemfikia. Sekunde hiyo ya kutambua ndiyo ninayoipenda mimi. Macho yanainuka, na bado hajapata muda wa kujificha.

Epuka pia fremu za mwanzo mara tu onyesho linapobadilika. Video iliyobanwa haihifadhi kila fremu nzima. Inahifadhi moja kamili, kisha mabadiliko tu, na palipo na mabadiliko mengi kwa ghafla huonekana vipande vya mraba. Sogea mbele kidogo, zitatulia. Na kwa video za simu kuna ujanja mmoja: panga fremu zako kwa ukubwa wa faili. Katika onyesho moja, fremu iliyo kali ina mambo mengi ya kuhifadhi kuliko iliyofifia, hivyo faili lake huwa kubwa. Anza kuangalia kutoka juu.

Kisha mwite mtu aliyemjua. Wewe utachagua iliyo kali, mama atachagua iliyo na bibi ndani yake. Wakitofautiana, mpe mama.

Itasafishwa kwa ukubwa gani?

Hesabu ni fupi: gawa pikseli kwa 300, utapata inchi za picha nzuri ya karatasi. Video ya simu ya 1920 kwa 1080 inatoa inchi 6.4 kwa 3.6, yaani karibu picha ya kawaida ya albamu. Ile ya 4K inatoa 12.8 kwa 7.2. Lakini fremu yetu ya kanda, 768 kwa 576, inatoa inchi 2.56 kwa 1.92 tu. Ukikubali kugawa kwa 150 unapata kama 5 kwa 3.8, nayo ukiishika kwa umbali wa mkono bado inapendeza.

Ndiyo maana nasihi usikate uso peke yake ukaujaza kwenye karatasi. Uso wenye pikseli 100 tu, ukiukuza kufika saizi ya A4, unageuka mosaiki. Acha mabega, acha kanga, acha kiti cha plastiki na mtoto aliyelala mapajani. Picha ndogo yenye ukingo mweupe mpana ina heshima kuliko kubwa iliyopasuka.

Kuisafisha bila kumbadilisha mtu

Fremu ya VHS ina chenga. Chenga hizo zinabadilika ovyo kila fremu, lakini uso wa mtu aliyetulia haubadiliki. Tumia hilo. Chagua fremu nne zinazofuatana ambazo hajasogea, zifungue kwenye GIMP kama tabaka, moja juu ya nyingine. Ya chini kabisa iache asilimia 100, ya pili iweke 50, ya tatu 33, ya nne 25. Hapo umepata wastani wa zote nne, na chenga zimepungua nusu. Kwa fremu 16 zinabaki robo, ila ni nadra mtu kutulia kiasi hicho harusini. Rangi nayo ni rahisi: taa za ukumbini zilikuwa za njano, basi tafuta kitu unachojua kilikuwa cheupe, kanzu au kofia au shela, ukirekebishe mpaka kiwe cheupe, na vingine vitafuata.

Yote hayo yanatoka kwenye kanda yenyewe. Sasa nije kwenye zile programu za akili mnemba zinazoahidi kuufanya uso wa zamani uwe mpya kwa kubonyeza mara moja. Zinapendeza mno, na hapo ndipo hatari yake. Uso wenye pikseli 40 kwa upana hauna kope, hauna mikunjo ya macho, hauna meno moja moja. Havikurekodiwa. Programu haiwezi kufichua kisichokuwamo, kwa hiyo inakibuni kutokana na nyuso za watu wengine ilizojifunzia. Inakuletea bibi mwenye ngozi laini, chale za shavuni zimefutika, mwanya umezibwa. Kila asiyemjua atasifu. Aliyelala naye kitanda kimoja utotoni ataiangalia, atanyamaza.

Kwa sherehe ya kuzaliwa ya rafiki, chezea utakavyo. Kwa marehemu ambaye hiyo ndiyo picha yake ya pekee, mimi sikubali. Wajukuu watakaozaliwa hawatakuwa na cha kulinganisha. Watakua wakiamini bibi alikuwa vile, na baada ya miaka michache hata sisi tuliomwona tutaanza kuichanganya na kumbukumbu zetu. Kama familia imeshikilia kabisa, basi ihifadhi fremu ya asili pembeni, na nyuma ya ile nyingine iandikwe kwamba imetengenezwa. Uso uliofifia una ukweli wake, nao wenyewe wanautambua.

Ruhusa

Jambo hili linapuuzwa sana. Harusi zetu nyingi, Zanzibar, Mombasa hata Muscat, zina upande wa wanawake, na video yake ilipigwa na mwanamke, kwa ajili ya nyumba ya bibi harusi. Waliojifunua vichwa vyao pale walikuwa miongoni mwao. Ukitoa fremu ya shangazi ukaitia kwenye grupu la ukoo lenye watu 200, umewatoa pia wanne walioketi nyuma yake. Uliza mwenye video kwanza. Kata wengine, au waziwe kwa ukungu. Na kama wewe ni mwanamume, kazi yenyewe mpe dada yako, au dada mmoja wa chama. Somo hili si refu, ataliweza.

Hata pasipo suala la stara, video inasamehe kuliko picha mnato. Mtu anayetafuna anapita tu, lakini fremu yake iliyosimama ni kichekesho cha milele. Ukikuta hiyo, ifute.

Kuituma nyumbani

Lipe faili jina linalosema kitu: mwaka, mahali, aliyemo, na kanda ya nani. Kwa mfano 1996-tanga-bibi-mzaa-mama-kanda-ya-shangazi.png. Kama waliomo wengine huwajui, mpigie simu mzee mmoja akutajie kutoka kushoto kwenda kulia, uandike papo hapo. PNG ibaki kwako na kwa mtu mwingine mmoja wa familia. Kwa ajili ya studio tengeneza nakala ya JPEG ya ubora wa juu na uitume kama dokumenti.

Halafu mpigie mwenye studio mwenyewe, usimwachie mtoto aliyetumwa. Fremu ya zamani ina umbo la 4 kwa 3, karatasi ya kawaida ni inchi 6 kwa 4. Mashine ikiachwa ijaze karatasi nzima, picha inakuwa na kimo cha inchi 4.5, na ile nusu inchi ya ziada inakatwa, robo juu na robo chini. Hiyo robo ya juu ndiyo mtandio wa bibi. Mwambie aisafishe nzima, abakishe weupe pembeni.